Mtu kakaa AFK kwenye seva yako ya Minecraft: umtoe, umwache shambani kwake, au umjengee chumba? Ulinganisho wa seva ndogo za huku Kusini

Wakuu, hili swali linanirudia kila wiki, mara dogo wa Chikongola, mara jamaa wa Masasi, mara dada mmoja wa Lindi mjini anayeendesha seva ya wadogo zake: mtu akiwa ndani ya gemu lakini hayupo, kaacha simu mezani kaenda zake, yaani yuko AFK, umfanyeje? Umtoe? Umwache alipo? Au umtengee sehemu maalum akae huko mpaka arudi? Mi naendesha seva ya Minecraft, lile gemu la kuchimba na kujenga kwa bloku, ya watu 20 hapa Mtwara, njia karibu zote nshazijaribu na kila moja imeniudhi kwa namna yake, kwahiyo naziweka hapa ubavu kwa ubavu, we uchague kwa hali yako.

Mwenye haraka asome hapa tu. Kama shida yako ni nafasi kujaa, mtoe mtu, usihangaike kujenga chochote. Kama shida ni seva kuganda, wahamishe wote chumba kimoja na ikiwezekana hicho chumba kiwe dunia ya pembeni kabisa. Kama watu wako wanakaa AFK kwa ajili ya mashamba, chumba hakitakusaidia kitu, watakikimbia, hapo weka idadi ya viti vya shambani. Na kama wachezaji wako wengi wako kwenye simu, basi nusu ya haya yote hayakuhusu, ntaeleza mbele kwanini.

Kabla ya njia zenyewe, kosa ninaloliona kwa maadmini wengi ni kuanza kujenga jumba la kifahari la AFK, mabwawa, taa, bango kubwa, wakati hawajajiuliza hawa watu wanakaa AFK kwa sababu gani. Maana sababu hazifanani hata kidogo. Kuna AFK ya ghafla: mama kaita ukakune nazi, adhana ya magharibi imeshatoka, mteja yuko dukani. Kwetu kuna jamaa wa bodaboda, anacheza kijiweni akisubiri abiria, abiria akitokea anaandika "dakika tano" halafu kumbe kampeleka mtu Mikindani, na Mikindani na kurudi sio dakika tano hata angekuwa na ndege. Huyu hana hila yoyote, anataka tu akirudi akute vitu vyake na nafasi yake.

Halafu kuna AFK ya shamba, hii ni makusudi. Mtu kajenga shamba la chuma, wanakijiji wamefungiwa juu, golemu za chuma zinatokea zinakufa, chuma kinashuka kwenye makasha, na anajua fika kwamba akiondoka eneo lile kila kitu kinasimama. Au kajenga mnara wa mazombi na mifupa. Huyu ukimwambia "nenda chumba cha AFK" ni sawa na kumwambia mtu wa Tandahimba aache korosho zake zimeanguka chini aje akae barazani. Hakuelewi.

Ya tatu ni AFK ya usingizi, hii tunaijua wote, mtu kalala hotispoti inawaka. Na ya nne ni ya kijiwe, yupo tu, hachezi, anasoma meseji za wenzie na kucheka, ukimwita anajibu baada ya dakika kumi. Hii ya nne mi naipenda kusema ukweli, ndo inafanya seva ionekane ina watu.

Sasa tuone kinachotokea kwenye seva yenyewe, maana hapa ndo gharama ilipo. Seva ya Java (ile Minecraft ya kompyuta, ya simu inaitwa Bedrock) inapiga tiki, yaani mapigo ya kazi, 20 kwa sekunde, kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote, ng'ombe watembee, maji yatiririke, mazao yakue, hopa (zile faneli za kuhamisha vitu) zivute vitu. Kazi ikizidi hizo 50 ndo unaanza kuona ng'ombe anatembea kwa kurukaruka na bloku uliyoivunja inarudi kama haikuguswa. Na kazi hiyo inafanyika kuwazunguka wachezaji. Ardhi imegawanywa vipande vya bloku 16 kwa 16, ndo tunaita chanki, na kuna seti inaitwa simulation-distance, iliingia na toleo la 1.18 mwaka 2021, inakuja ikiwa 10. Hesabu ya haraka: chanki 10 kila upande pamoja na ile uliyosimama, 21 mara 21, ni chanki 441 kwa mtu mmoja. Ukiishusha mpaka 5 inakuwa 11 mara 11, chanki 121.

Sasa chukua watu wanane wako AFK kila mmoja nyumbani kwake, mwingine jangwani, mwingine baharini. Hayo ni maeneo manane yanaendeshwa kwa ajili ya watu ambao wako jikoni wanakula. Waweke wanane haohao chumba kimoja, eneo linakuwa moja. Hoja nzima ya eneo la AFK iko hapo, hayo mabwawa na mabango ni mapambo.

Kumwacha alipo na kumtoa kabisa

Kumwacha hakuhitaji chochote, Java ndo inavyokuja. Kwenye faili la seti za seva, server.properties, kuna mstari wa player-idle-timeout, unahesabu kwa dakika, na kwenye Java umeandikwa 0, maana yake haimtoi mtu hata akikaa mpaka msimu wa korosho ufike. Seva rasmi ya Bedrock yenyewe inakuja na 30. Unaweza kubadilisha bila kuzima seva kwa kuandika /setidletimeout na namba ya dakika.

Kumtoa kuna raha zake tatu. Nafasi inaachwa wazi, na Java inakuja na nafasi 20 tu kwenye max-players, hata ukiongeza bado ram yako ndo ile ile. Pili, kuanzia toleo la 1.21.2 seva ikikosa mtu kwa sekunde 60 inajisimamisha yenyewe mpaka mtu aingie, dunia inatulia, prosesa inapumua, na kama seva yako iko kwenye leptopu ya nyumbani inayotegemea umeme wetu huu unaokuja na kuondoka basi hilo ni jambo kubwa. Mtu mmoja tu aliyelala AFK anazuia hiyo mapumziko usiku kucha. Tatu, yule aliyelala unamuokolea bando, maana kila sekunde anayokuwa ndani seva inamtumia taarifa.

Ila kumtoa mtu nako kuna ubaya wake na mi ulinikuta. Ramadhani moja niliweka dakika 5, nikajiona mjanja. Magharibi ikaingia, watu wakaenda kufuturu, seva ikawasafisha wote. Wale wa kule Nachingwea ambao walikuwa wananyemelea nafasi siku nyingi wakaingia wakajaa. Jamaa wanarudi wameshashiba, wanakuta seva imejaa, wanagonga hodi mpaka baada ya tarawehe. Nilitukanwa kistaarabu lakini nilitukanwa. Na hata kama nafasi ipo, watu kumi wakirudi kwa mkupuo kila mmoja anapakuliwa chanki zake upya, seva inatetemeka kama daladala kwenye barabara ya vumbi, na bando la mchezaji linaliwa upya pia kwa sababu ile ramani iliyokuwa imeshashuka kwenye simu yake inashushwa tena.

Pia ukiweka muda mfupi unawafundisha watu hila. Wanachimba kidimbwi chenye maji yanayozunguka, wanaingia mule, maji yanawasukuma, na seva nyingi zinazoangalia mwendo tu zinadhani mtu anatembea. Wengine wanapanda kigari cha reli kinachozunguka duara. Mwingine nilimkuta kaweka kokwa la embe juu ya kibodi. Kwahiyo unamaliza wale waaminifu wanaosimama wima, wajanja wanabaki, na mtu anayesukumwa na maji masaa sita ni mzigo zaidi kuliko aliyesimama kimya.

Kwangu mi kumtoa ni sawa kama muda ni mrefu, dakika 60 na kwenda mbele, kama wavu wa mwisho. Chini ya 15 ni ugomvi.

Chumba kwenye dunia ile ile, na dunia ya pembeni

Hapa ndo pana mambo, kwahiyo ntakaa kidogo.

Chumba cha dunia ile ile ni rahisi. Unachagua sehemu, unajenga, unaweka plagini (kiprogramu cha kuongezea kwenye seva) ya ulinzi wa maeneo kama WorldGuard, unazuia watu kupigana na unawafanya walio ndani wasiumie, basi. Plagini ya EssentialsX ndo wengi wanatumia kumtambua mtu, inamhesabu AFK baada ya sekunde 300 yaani dakika 5, na kumtoa imezimwa mpaka uiwashe wewe.

Tatizo ni wapi unajenga. Wengi wanajenga pale pale sponi, pale watu wanapotokea wakiingia mara ya kwanza, kwa sababu ndo sokoni, kila mtu anapita. Mi nilifanya hivyo. Ndani ya wiki dogo mmoja akagundua ndoano ya kuvulia samaki inamvuta mtu. Anasimama nje ya mpaka wa chumba, anarusha ndoano, anamvuta aliye AFK mpaka nje ya ulinzi, halafu anamsukumia kwenye shimo. Mwenyewe anarudi kutoka dukani anakuta kafa na vitu vyake vimeokotwa. Wachezaji wa Java wanasukumana pia kwa miili, ingawa hilo unaweza kulizima ukiwaweka watu kwenye timu na kubadilisha collisionRule. Dawa rahisi zaidi ni ukuta kamili, mtu anaingia kwa kuhamishwa na plagini tu, hakuna mlango.

La pili ni viumbe wabaya. Kwenye Java mazombi na wenzie wanatokea umbali wa bloku 24 mpaka 128 kutoka kwa mchezaji, na akiwa zaidi ya 128 kutoka kwa kila mtu anafutika papo hapo. Maana yake mtu aliye AFK chini ardhini anazungukwa na viumbe wanaozaliwa mapangoni ambao hakuna anayewaona, seva inawatembeza bure. Ukikijenga chumba juu sana, tuseme bloku ya 250 wakati dunia tangu 1.18 inakwenda mpaka 320 na usawa wa bahari uko kwenye 62 hivi, ardhi inakuwa zaidi ya bloku 128 chini yako, hakuna kiumbe mbaya anayezaliwa. Ujanja wa bure kabisa huo. Ila usidanganyike kwamba ukiwa juu huna mzigo, chanki inahesabiwa kutoka chini mpaka juu, kwahiyo kama chini yako kuna kijiji chenye wanakijiji mia na hopa za mtu, vyote vinaendelea kufanya kazi. Jenga juu ya bahari. Tena mbali na pwani ya mtu yeyote.

Na weka paa la mbao au mawe, sio kioo. Kuna wale fantomu, viumbe wabaya wanaoruka, walioingia na toleo la 1.13, wanamjia mtu ambaye hajalala siku tatu za gemu, na siku ya gemu ni dakika 20, kwahiyo saa moja tu ya AFK inatosha kuwaita kama uko juu ya usawa wa bahari na anga inaonekana kichwani mwako. Kioo kinapitisha anga. Niliweka kioo kwa ajili ya mandhari, nikajuta usiku huo huo.

Dunia ya pembeni sasa. Hapa unatengeneza dunia tupu kabisa, haina ardhi, haina bahari, kuna jukwaa dogo tu katikati ya hewa, na mtu akikaa AFK anahamishiwa huko, akigusa kitufe anarudishwa alipokuwa. Plagini kama Multiverse inakupa hiyo dunia ya pili ndani ya seva ile ile. Chanki zimepakiwa lakini hazina kitu ndani, hamna ng'ombe, hamna mazao, hamna hopa, seva inazipita kama gari linavyopita kijiji kilicholala. Weka ukuta tu mtu asidondoke, chini ni utupu na utupu unaua.

Kuna hatua ya juu zaidi kwa wenye seva zaidi ya moja nyuma ya proksi (programu ya mlangoni inayompeleka mchezaji seva moja au nyingine) kama Velocity: unamtupa mtu kwenye kaseva kadogo ka kusubiria, ambako hakana dunia ya maana. Huyo mtu anakuwa ametoka kabisa kwenye seva kubwa, nafasi yake imeachwa wazi, na seva kubwa ikibaki tupu inaweza kujisimamisha. Kwa uzito hakuna njia inayoishinda hii. Kwa usumbufu pia hakuna inayoishinda, una vitu viwili vya kutunza, vitu viwili vya kusasisha kila toleo jipya likitoka, na mtu akirudi anapakuliwa chanki upya kama aliyetolewa. Kwa seva ya watu 20 mi naona ni kununua fuso kubeba gunia moja la korosho.

Ukilinganisha hizi mbili za kwanza, chumba cha angani juu ya bahari kina faida moja ambayo dunia ya pembeni haina: watu wanaonana. Anayepita na mabawa yake anawaona wenzie wamejipanga, anawatania, anaacha bango. Dunia ya pembeni ni kama chumba cha kusubiria cha ofisi. Wale wa kijiwe hawaipendi. Lakini kama seva inaganda kweli, uzuri wa kijiwe hausaidii.

Viti vya shambani

Kwa wale wa mashamba, niliwahi kujaribu kuwakataza kabisa. Haikufanya kazi, wakaanza hila za maji. Zamani kwenye Java ungeweza kumwambia mtu ajenge shamba lake la chuma karibu na sponi maana zile chanki zilikuwa zinabaki wazi hata kama hakuna mtu, ila toleo la 1.20.5 la mwaka 2024 lilipunguza sana hilo eneo na matoleo ya karibuni yameliondoa. Kwahiyo siku hizi kwa kawaida anatakiwa mtu awepo.

Nilichofanya ni viti vinne. Watu wanne tu kwa wakati mmoja wanaruhusiwa kukaa AFK shambani, wanajiandikisha, wa tano anasubiri. Na nikawasogeza: badala ya kila mtu na mtambo wake upande wake, kuna eneo moja la mashamba ya pamoja, hivyo viti vinne vinatumia chanki zile zile kwa sehemu kubwa. Mazao yanagawanywa. Kugawana kumeleta maneno, siwafichi, kuna anayesema alikaa masaa matatu akapata chuma sawa na aliyekaa moja, ila seva inapumua.

Uvuvi wa AFK, yaani kushika ndoano na kuiacha ijivutie yenyewe, usiusumbukie sana. Tangu toleo la 1.16 la 2020 hazina inapatikana tu kwenye maji ya wazi, vile vimitambo vya zamani vya shimo moja vinatoa samaki na takataka, vitabu vya uchawi hakuna. Watu waliacha wenyewe.

Eneo la AFK lenye zawadi

Hii iko kwenye seva kubwa nyingi, ukikaa ndani ya eneo unapewa sarafu kila baada ya dakika kadhaa, au funguo za masanduku ya bahati. Naelewa kwanini wanafanya, namba ya walio mtandaoni inakuwa kubwa, mgeni akiona watu 200 anavutika kuingia. Anaingia anakuta 180 wamesimama kama sanamu za Kimakonde kwenye duka la kinyago, ila zile sanamu angalau zina sura tofauti.

Kwa seva ndogo nasema hapana. Unalipa watu wasicheze. Sarafu zinazaliwa bila jasho, bei sokoni inapanda, yule anayechimba kwa mikono anajiona mjinga. Na nafasi 20 zitajaa watu waliolala ambao sasa wana sababu ya kutotoka. Niliijaribu siku nne, siku ya tano nikaizima.

Simu, bando na joto

Hapa ndo seva zetu zinatofautiana na za wenzetu ambao ushauri wao umejaa huko mtandaoni. Wachezaji wangu wengi wako kwenye simu, wanaingia kwenye seva ya Java kupitia Geyser inayowaruhusu wa Bedrock. Mtu wa simu akipigiwa au akifungua programu nyingine, gemu linalala nyuma na mara nyingi anakatika mwenyewe. Ili akae AFK kweli inabidi skrini iwake muda wote, chaji inashuka, na simu mkononi saa nane mchana wa mwezi wa kumi na moja hapa Mtwara inakuwa kama kikaango. Kwahiyo AFK ya masaa ni anasa ya wenye kompyuta. Ndo maana viti vya shambani nikavigawa, vinginevyo watu watatu wenye kompyuta wangekuwa na chuma cha seva nzima.

Halafu bando. Watu hawalifikirii hili: unavyokuwa AFK sehemu yenye vurugu ya viumbe, mwendo wa kila kiumbe unatumwa kwako. Mtambo wenye mazombi sitini wanaojongea ni mazombi sitini wa kutumiwa taarifa zao muda wote. Ukiwa umesimama chumba kitupu cha dunia ya pembeni, kinachokuja ni kidogo sana kwa kulinganisha, kwa sababu ramani imeshashuka na hamna kinachotembea. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni tofauti ya kucheza mpaka jioni au kukatika mchana. Nilipowaeleza hivi wenyewe wakaanza kuandika /afk kabla hata dakika tano hazijafika, wakati mwanzo nilikuwa naonekana nawafungia jela.

Kwa hiyo kwa bando: aliyelala, kumtoa ni bora. Aliyeenda mara moja na anarudi, chumba kitupu ni bora kuliko kumtoa, kwa sababu hashushi ramani yote upya anaporudi. Kumwacha shambani ndo kunakula kuliko vyote.

Kuna watu wataniuliza Luanti, ile iliyokuwa inaitwa Minetest mpaka 2024. Ni ya bure, nyepesi, simu za kawaida zinaibeba. Inaendesha vipande vilivyo karibu na wachezaji kwa mtindo unaofanana, kwahiyo hoja ya chumba kimoja inasimama vilevile, na inakuja na nafasi 15 kwenye max_users. Viumbe inategemea gemu au modi uliyoweka, wengi hawana kabisa, na hapo unaweza kuwaacha watu popote na usione tofauti kubwa.

Kitu kimoja kidogo kinachosahaulika kwenye njia zote hizi ni usiku. Kwa kawaida usiku wa gemu haurukwi mpaka wote walale, aliye AFK halali, basi seva nzima inakaa gizani. Tangu 1.17 kuna playersSleepingPercentage (matoleo ya karibuni inaandikwa players_sleeping_percentage), yaani asilimia ya wanaotakiwa kulala, inayokuja na 100, mi nimeweka 40. EssentialsX nayo ina seti ya kuwatoa walio AFK kwenye hesabu ya usingizi.

Changu kwa sasa

Dakika 10 bila kugusa kitu unahamishiwa dunia ya pembeni, dakika 60 unatolewa. Viti vinne vya shambani havihusiki na hizo 10 lakini vinahusika na 60, na saa mbili mpaka saa nne usiku vinafungwa kabisa maana ndo watu wanajaa. simulation-distance nimeshusha 6. Dada wa Lindi yeye hajahamisha mtu, seva yake ina watu saba na wote wanajuana, kaweka kutoa kwa dakika 45 basi, na sioni kwanini aongeze kitu. Jamaa wa Masasi ana proksi na kaseva ka kusubiria, kila toleo likitoka ananipigia simu usiku.

Yule wa bodaboda ameomba 60 yake iwe 90 kwa siku za mnada wa korosho, anasema anabeba watu mfululizo. Nimemwambia siku hizo andika kwaheri utoke, simu ya kupigiwa na wateja usiichezee gemu.